Barua Niliyochelewa Kuiandika

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni ya kalamu na madaftari: ubatizo, ndoa, mazishi, na vyeti vya watu wanaohama. Kabla ya hapo nalisoma chuo cha ualimu, nikafundisha watoto wa darasa la tatu kwa miaka miwili. Ndiyo maana wazee wa hapa huniita Mwalimu hata leo. Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya kwa kalamu hiyo, kisha niwaeleze habari za watu wa mbali walionifundisha uzito wake.

Miaka miwili iliyopita, siku ya Jumatatu, mama mmoja jirani yangu alifika ofisini. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo, akaketi kwenye benchi. Akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya kuitwa mahakamani. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshikwa kwa wizi wa mbuzi wawili, wala hakukana.

Mama yule hakuniomba niseme uongo. Aliniambia, “Mwalimu, andika tu unayoyajua. Kijana huyu umemfundisha kusoma. Wajua kwamba tangu baba yake afariki yeye ndiye anayelima, na wadogo zake watatu wanakula kwa jembe lake. Hakimu hamjui. Mbele yake pana karatasi ya mbuzi tu.”

Nikamjibu, “Njoo Ijumaa, mama.”

Kazi haikuwa nyingi siku ile. Naliogopa jina langu lisikae karatasi moja na jina la mwizi. Nilifikiri watu watasema nini. Hata tarehe ya kesi sikuiuliza. Kesi ilisikilizwa Alhamisi, kijana akafungwa miaka miwili.

Sisemi kwamba barua yangu ingalimfungua. Aliiba, na mwenye mbuzi alikuwa na haki yake. Nasema tu kwamba hakimu alikata shauri bila kuyajua niliyoyajua mimi, na aliyemnyima habari hizo ni mimi. Mama yule hajanilaumu hata mara moja. Kila Jumapili hunisalimu kama zamani, na salamu ile hunichoma kuliko matusi.

Basi, mwaka jana Padre mmoja, mzaliwa wa jimbo letu, alikuja likizo kutoka California huko Marekani, ambako anahudumu. Alinikuta ninaandika cheti cha ubatizo. Baada ya “Tumsifu Yesu Kristo” tukazungumza, akaniuliza kama watu huniomba barua za kuwatetea. Nikanyamaza kidogo, kisha nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alisema, “Kule niliko wako watu ambao barua ya jirani kwao ni kama mlango wa nyumba. Wakiipata wanabaki na watoto wao. Wakiikosa huenda wasiwaone tena.” Akanieleza habari za wakimbizi wa Asia ya Kusini-Mashariki, akaniachia na maandiko ya kusoma. Nimeyasoma usiku mwingi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Vietnam, Laos na Kambodia ni nchi tatu zinazopakana. Marekani ilipigana vita huko miaka mingi. Katika Laos peke yake, kati ya mwaka wa 1964 na 1973, ndege zake ziliangusha zaidi ya tani milioni mbili za mabomu. Watu wa milimani waitwao Wahmong waliandikishwa kwa siri wapigane upande wa Marekani. Mwaka wa 1975 upande ule ukashindwa. Kambodia ikaangukia mikononi mwa Khmer Rouge, ambao kwa muda usiofika miaka minne walisababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.7, wengine kwa kuuawa, wengine kwa njaa, maradhi na kazi za shuruti.

Waliosalia wakakimbia. Wengine walipanda mashua mbovu baharini, wengine wakavuka mto Mekong usiku, wengine wakapita porini penye mabomu yaliyofukiwa mpaka kambi za Thailand. Watoto wengi walizaliwa katika kambi hizo. Tangu mwaka wa 1975 Marekani imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka nchi hizi tatu. Mashirika ya makanisa, na lile la Maaskofu Wakatoliki likiwa mojawapo ya makubwa, yaliwatafutia nyumba, blanketi na kazi.

Lakini mkimbizi akipewa nyumba hachagui mtaa. Wengi walipangishiwa penye kodi ndogo, na penye kodi ndogo ndipo penye bunduki na dawa za kulevya: katika mitaa ya Long Beach, Stockton, Philadelphia na miji mingine. Wazazi walikuwa wakulima wa mpunga, wengine hawajui kusoma hata lugha yao wenyewe. Walifanya kazi mchana, na usiku wakaota ndugu zao waliokufa. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Watoto wao walipigwa na kudhihakiwa shuleni. Tarehe 17 Januari 1989, huko Stockton, mtu mwenye bunduki aliingia katika uwanja wa shule ya msingi akawaua watoto watano, wote wa familia za wakimbizi wa Kambodia na Vietnam. Kwa hofu ya namna hiyo vijana wengine wakaunda magenge ya kujilinda, na wenye magenge, kama tujuavyo, hawaishii kujilinda. Wengine waliiba, wengine wakauza dawa za kulevya, wengine wakaua. Wakashtakiwa, wakafungwa, wakamaliza vifungo.

Hapo ndipo shida yenyewe inapoanza. Raia akimaliza kifungo hurudi nyumbani. Hawa hawakuwa raia. Walikuwa na kibali cha kukaa, nao wengi walidhani kibali hicho chatosha. Kama wazazi wangaliomba uraia mapema, kwa kawaida watoto wao wadogo wangaliupata pamoja nao. Lakini mtihani ulikuwa wa Kiingereza, na fomu zilikuwa za Kiingereza. Karatasi moja haikuombwa, na watoto wakakua pasipo kujua kwamba haipo.

Mwaka wa 1996 Marekani ilitunga sheria mpya. Orodha ya makosa yanayomfukuzisha mgeni ilirefushwa sana, hata wizi wenye hukumu ya mwaka mmoja ukaingia humo. Sheria ile ilirudi nyuma pia, ikawashika walioanguka miaka mingi kabla haijatungwa. Na kwa makosa mengi ya orodha ile, hakimu wa uhamiaji alikatazwa kupima habari za mtu: kwamba ana mke na watoto, kwamba amebadilika, kwamba nchi anayopelekwa hajapata kuiona. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama yangu wa Jumatatu. Ni karatasi ya mbuzi peke yake tena, ila safari hii sheria yenyewe ndiyo iliyozifungia nje karatasi nyingine.

Kwa muda walikuwa wakihukumiwa kufukuzwa bila kuwa na pa kupelekwa, kwa kuwa nchi zile hazikukubali kuwapokea. Basi serikali ikawaweka mahabusu pasipo mwisho. Mmoja wao, Kim Ho Ma, alitolewa Kambodia akiwa na miaka miwili, akapitia kambi za Thailand na Ufilipino, akafika Marekani akiwa na miaka saba. Akiwa na miaka kumi na saba alihusika katika kupiga mtu risasi kwa mambo ya magenge, mtu akafa, naye akahukumiwa miezi 38. Alipomaliza hakuachiliwa. Mashauri yake na ya mwenzake yalifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwezi wa Juni 2001 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba serikali haiwezi kumweka mtu mahabusu bila kikomo ikiwa hakuna nchi ya kumpeleka. Lakini mwezi wa Machi 2002 Kambodia na Marekani zikapatana, na mwaka huohuo Kim Ho Ma akapelekwa Kambodia. Alishinda mahakamani, akaondolewa vilevile. Vietnam nayo ilipatana na Marekani mwaka wa 2008, ikiwaacha waliofika Marekani kabla ya tarehe 12 Julai 1995. Mwaka wa 2020 likaja patano lingine lililowagusa hata hao. Watetezi wao huhesabu kwamba watu zaidi ya 15,000 wa nchi hizi tatu wamekwisha kupewa hukumu ya kuondolewa, na walio wengi ni kwa makosa ya zamani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, yaani kazi ya majirani.

Mtu mwenye hukumu ya kuondolewa ambaye bado hajachukuliwa hutakiwa kwenda kuripoti ofisi ya uhamiaji, wengi mara moja kwa mwaka. Siku hiyo huaga watoto asubuhi bila kujua kama atarudi jioni. Padre alinieleza kwamba majirani humsindikiza. Huenda naye wazee, akina mama wenye vyakula, vijana, mtawa wa Kibuddha wa hekalu lao, na Padre ikiwa familia ni Wakatoliki. Hawapigi kelele. Husimama nje ya mlango mpaka atoke, na asipotoka, wakili aliye pamoja nao huanza kazi dakika ileile. Sisi tunajua kumsindikiza mgeni hadi njia panda. Wale wanamsindikiza mwenzao hadi mlangoni pa hofu yake.

Kazi ya pili ni msamaha wa gavana. Makosa mengi huhukumiwa chini ya sheria za jimbo, na gavana wa jimbo akimsamehe mtu kabisa, baadhi ya makosa hayawezi tena kuwa sababu ya kumfukuza. Lakini gavana hamjui mtu, kama vile hakimu wetu asivyomjua kijana wa mbuzi. Ni lazima aletewe barua. Many Uch, aliyekuja Seattle kutoka Kambodia akiwa mtoto, aliendesha gari katika tukio la unyang'anyi alipokuwa na miaka kumi na minane. Alitumikia kifungo, kisha akawekwa mahabusu ya uhamiaji zaidi ya miaka miwili. Alipotoka alianza kuwafundisha watoto wa mtaa wake mchezo wa besiboli, na kuwasaidia wenzake wenye hukumu kama yake. Mwaka wa 2010 Gavana Christine Gregoire wa jimbo la Washington akamsamehe. Huko California, Gavana Jerry Brown na Gavana Gavin Newsom nao waliwasamehe wakimbizi kadhaa wa namna hiyo mwaka wa 2018 na 2019, wengine zikiwa zimebaki siku chache waondolewe.

Kazi ya tatu ni mahakamani. Mwezi wa Oktoba 2017 Wakambodia zaidi ya mia moja walikamatwa kwa ghafula. Mawakili wa mashirika ya jamii zao walishtaki, na mwezi wa Januari 2019 jaji mmoja wa California akaamuru kwamba wasikamatwe tena bila kupewa taarifa ya maandishi siku 14 kabla. Siku 14 si nyingi, lakini mtu huweza kumwona wakili, kuandika barua ya kuomba msamaha, na kumweleza mtoto mambo kwa utulivu.

Si kwamba hushinda kila mara. Mara nyingi hushindwa. Mwaka wa 2025 mambo yalizidi kuwa magumu: Wahmong wa Michigan na Minnesota walipelekwa Laos, na wengine waliozaliwa kambini Thailand wakajikuta katika nchi wasiyoijua njia wala soko. Na mwezi wa Julai mwaka huohuo wanaume watano walishushwa hapa hapa Afrika, katika Eswatini, ile tuliyoizoea kama Swaziland. Mmoja alitoka Vietnam, mmoja Laos, na wengine Cuba, Jamaica na Yemen. Hawakuwa na ndugu huko wala kosa walilolifanya huko, wakatiwa katika jela ya Matsapha. Nami nilifurahi kusoma kwamba wenyeji hawakunyamaza: mawakili na vyama vya raia wa Eswatini walikwenda mahakamani kuwatetea watu wasiowajua. Kabla ya hapo nilidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa baraza letu, aliniuliza swali la haki: “Na aliyeibiwa je? Na aliyeuliwa mwanawe? Kila nchi ina mlango wake, na mwenye nyumba ana haki ya kumtoa mgeni mkorofi.” Mzee hakukosea. Nchi ina haki hiyo, na machozi ya walioumizwa ni ya kweli. Barua yoyote inayoyasahau ni barua ya uongo. Lakini nilimjibu hivi: aliyeibiwa alipewa haki yake siku mwizi alipofungwa. Raia na mkimbizi wakiiba pamoja, wakafungwa pamoja, wakatoka pamoja, raia huenda kwa mama yake, mkimbizi hupandishwa ndege baada ya miaka ishirini, akiwa na mke, watoto na kazi. Hukumu ile ya pili haiwaangukii waliofanya kosa tu. Inamwangukia mtoto wa miaka sita asiyejua baba alifanya nini. Na mgeni aliyeletwa nyumbani akiwa mchanga, akalelewa humo, akajifunza wema na ubaya humo, kwa kweli huyo si mgeni tena. Ni mtoto wa nyumba aliyekosa. Mzee akatafakari, akasema, “Hapo pana neno.”

Sisi wa nchi hii tunalijua neno hilo. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka wa 1972 walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakalima na kuzaa, na mwaka wa 2014 Tanzania ikawapa uraia zaidi ya 160,000 miongoni mwao na watoto wao. Karatasi ile ndiyo waliyoikosa wenzao wa Kambodia.

Kwa kuwa nalikuwa mwalimu, niruhusuni nifundishe kidogo. Nimesoma namna mawakili wa kule wanavyowaelekeza majirani kuandika barua, nami naona mafundisho yao yafaa hata kwa baraza la kata yetu. Kwanza, jitaje wewe ni nani na umemjua mtu huyo tangu lini. Pili, usiandike “ni mtu mwema”, maana maneno hayo kila mtu anayaandika. Andika uliyoyaona kwa macho yako: kwamba kila Jumamosi humpeleka mama yako mgonjwa hospitali, kwamba ukuta wa shule aliujenga yeye bila malipo. Tatu, usilifiche kosa lake. Litaje, kisha useme ni nini kimebadilika. Nne, eleza nani ataumia akiondoka, na kwa namna gani. Tano, tia sahihi yako na uipeleke kabla ya siku. Hilo la tano ndilo lililonishinda mimi.

Kijana wa mbuzi alitoka jela mwaka huu. Niliposikia, nilikwenda nyumbani kwao jioni. Nilimweleza mama yake, mbele yake, kwamba Ijumaa ile ningeliandika Jumatatu, na kwamba niliogopa jina langu. Mama akasema, “Mwalimu, keti kwanza ule.” Tukala ugali na majani ya kunde. Kijana hakusema kitu mpaka tulipomaliza, kisha akaniuliza kama bado naweza kuandika.

Niliandika usiku uleule, kwa fundi seremala wa mjini anayetafuta msaidizi. Nililitaja kosa na kifungo. Nikaandika kwamba mbuzi walilipwa, na kwamba kijana huyu alianza kuilisha nyumba ya watu watano akiwa na miaka kumi na minne. Nikatia sahihi yangu na kazi yangu. Fundi amempa miezi mitatu ya kujaribiwa. Umebaki mmoja, wala sijui utaishaje.

Ndugu msomaji, katika kijiji chako yupo mtu mmoja ambaye mbele ya mkubwa fulani ana karatasi ya kosa lake tu. Kama unajua jambo jingine juu yake, na wajua kuandika, au una mtoto ajuaye kuandika, usimwambie aje Ijumaa.